Mianzi Aliyoitupa Baba

Wiki iliyopita, ofisini kwetu Bariadi, mwenzetu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Nyanda za Juu alirudi kutoka likizo na kipande cha mwanzi kilichopigwa vanishi kikang'aa. Katikati kilikuwa na mwanya. Alichomeka simu yake mle, akabonyeza wimbo, na chumba kizima kikajaa sauti kama mtu amefungua mlango wa kanisa kwaya ikiwa inaimba. Hakuna waya, hakuna betri, hakuna umeme. Wenzangu wakashangilia. Yeye akawa anapita meza hadi meza akiuliza, "Mnasikia? Kule nyuma mnasikia?"

Nilinyanyuka nikatoka. Nilisema naenda kufuata maji ya kunywa, nikajikuta nimelizunguka jengo mara mbili mikono mitupu. Swali lile niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka tisa, na nilivyolijibu sijawahi kumsimulia mtu.

Wa rika langu mtakumbuka miaka ile simu zilipoingia kila nyumba kabla umeme haujafika. Sisi tulikaa Kasoli. Baba yangu, Masunga, alikuwa fundi wa mashine ya kusaga iliyotumia dizeli. Mashine haikuwa yake, ilikuwa ya mjane mmoja tuliyemwita Mayu Milembe, yaani Mama Milembe, lakini watu walisema "naenda kwa Masunga" wakimaanisha wanakwenda kusaga. Alisifiwa kwa masikio yake. Ilisemekana akiwa barabarani anaweza kukwambia nyundo gani ndani ya mashine imelegea. Alirudi nyumbani mweupe kwa unga hadi kwenye kope, na kabla hajanawa alikuwa ameshawasha redio.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema nilizaliwa na siafu miguuni. Nilikula nikiwa nimesimama, darasani nilikalishwa karibu na mwalimu ili nisizunguke, na kila kitu kilichokuwa juu ya meza lazima nikibebe nione kiko vipi kwa chini. Ndivyo nilivyoibeba redio ya baba siku moja, nikaenda nayo uani nikicheza, ikaniponyoka ikazama kwenye karai la maji ya ndama. Tuliianika juani siku tatu. Haikuongea tena.

Baba hakunipiga. Aliitazama ile redio, akasema, "Basi," akaingia ndani. Ningefurahi kama angenichapa. Kwa sababu tangu wiki ile nilianza kuona jambo: nikimwita baba, haitiki. Nasimama mlangoni nasema, "Baba, mama anakuita chakula," naye anaendelea kunoa jembe. Nampitia kwa nyuma nasema, "Shikamoo baba," kimya. Nikimfuata mbele ya uso wake ananijibu vizuri tu, hata anatabasamu, jambo lililonichanganya zaidi. Kwa akili yangu ya utoto nilipata jibu moja, nalo lilinitosha: baba ameamua kunyamaza ili kuniadhibu kwa ajili ya redio, na atanyamaza mpaka nitakapoolewa.

Mtauliza mama alikuwa wapi. Mama aliyaona kama ukaidi wa wanaume. "Ukimwambia kitu anatikisa kichwa kukubali halafu hafanyi," alilalamika kwa majirani, na majirani wakacheka kwa kuwa nao walikuwa na waume. Na kule mashineni kila mtu alizungumza kwa ishara au kwa kupiga kelele, maana dizeli ile ilimeza maneno ya wote. Leo najua kwamba mtu asiyesikia, akijua kutikisa kichwa kwa wakati wake, anaweza kuishi katikati ya watu muda mrefu sana.

Redio ilipokufa baba akabaki na simu, kile kitochi chenye tochi kichwani. Alikipeleka senta kuchajiwa kwenye sola, na kijana wa duka akamwingizia nyimbo za Kisukuma, za kulimia na za harusi. Sauti ya simu ile ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Baba aliibana sikioni, akaihamishia sikio la pili, akaitia ndani ya bakuli la bati, akaitia ndani ya ndoo. Alikuwa hatulii, kama mimi.

Hapo shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu kutoka Njombe. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amepanda mianzi aliyoibeba kutoka kwao akitarajia kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kwa jua la kwetu ulanzi haukutoka hata kikombe, ila mianzi yenyewe ilishika ikawa kichaka. Mwalimu alikuwa na pingili moja aliyoitoboa akaifanya spika ya simu, ameiweka dirishani. Baba aliiona siku alipompelekea unga. Alirudi nyumbani amebeba mwanzi mzima begani, mrefu kuliko nyumba yetu.

Alikata pingili yenye urefu wa mkono wangu, akaondoa vifundo pande zote mbili ili sauti ipite, akachonga mwanya wa kukaa simu kwa kisu kilichopashwa moto. Moshi wa mwanzi ukajaa uani, mtamu kidogo, kama muwa uliodondokea motoni. Akasugua kwa msasa, akapaka mafuta ya pamba mpaka mwanzi ukawa rangi ya asali. Alipomaliza aliuweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akachomeka simu, akawasha wimbo, na mimi nikashtuka. Ngoma zilitoka mle zimenenepa. Sauti ya mwimbaji ilifika mpaka zizini, ndama wakainua vichwa.

Baba aliinama, sikio karibu na tundu. Kisha akanitazama.

"Kabula, inasikika?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi baba kuniuliza kitu. Nilikuwa na hasira iliyokaa kifuani muda mrefu, na hapo ikapata mlango. Nilijua jinsi alivyohangaika na ule mwanzi. Nilitaka aumie kidogo.

"Haisikiki," nikasema.

Nilitegemea atanuna. Badala yake uso wake ulifunguka wote, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

"Eeeh! Si unaona? Haisikiki kabisa?"

"Haisikiki, baba."

"Mwanzi huu ni mnene mno. Njoo ukae hapa, ng'wanone, mwanangu. Tutengeneze mwingine."

Alinikalisha kwenye kigoda karibu yake, akanipa msasa. Nilikaa pale mchana wote, mimi nisiyekaa, magoti yangu yakigusana na yake. Alinionyesha namna ya kupima unene kwa kucha. Nilielewa jambo moja tu: kusema "haisikiki" kunamfurahisha baba. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto akipata ufunguo haulizi ulifuliwa na nani.

Tukatengeneza wa pili, mwembamba zaidi. "Inasikika?" "Haisikiki." Wa tatu ulikuwa na midomo miwili iliyopanuka kama ya tarumbeta. "Haisikiki." Wa nne aliuchoma ndani kwa makaa ili uwe laini. Kila nilipokana, baba alipumua kama mtu aliyetua mzigo, akarudi kwenye kichaka cha mwalimu. Ile aliyoona imeshindikana aliitupa nyuma ya zizi, na majirani wakaanza kuiokota. Wakaja kushukuru. "Masunga, kile ulichokitupa kinalia mpaka ng'ambo ya mto!" Baba alitikisa kichwa na kucheka, nami nikahofia kukamatwa. Lakini hakuwasadiki. Alisadiki kinywa changu, kwa sababu ndicho kilichosema alichotaka kusikia: kwamba ubovu uko kwenye mwanzi. Ikawa jioni ukipita vijiani unasikia nyimbo kutoka kila ua, zikitoka kwenye mianzi aliyoitupa baba, na katikati ya sauti zote hizo yeye anachonga mwingine.

Mama alishika kiuno. "Baba Kabula, hicho kitu kinapiga kelele mpaka kuku wanakimbia, wewe unatafuta nini tena?"

"Mh," baba akajibu, akatikisa kichwa.

Nami sikulala vizuri siku zile. Raha ya kukaa na baba ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, kama mchanga ndani ya wali. Nilitaka aendelee kuniuliza, na nilitaka aache.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi mashineni. Mama alinituma na debe dogo la mahindi. Mbele yangu alikuwa Mama Kulwa, jirani yetu, mama wa pacha Kulwa na Doto niliosoma nao darasa moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kulima ekari zake za pamba mwenyewe kwa kuwa mumewe alikuwa amekwenda kutafuta maisha Malampaka na huko akaanza mengine. Zamu yake ilipofika alimkabidhi baba ndoo. Baba akapanda kwenye kibao, akaanza kumimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, mgongo wake ukitazama mlango. Mama Kulwa akainama upande wa chini kukinga unga, na ncha ya kitenge chake ikanaswa na mkanda wa mashine, ukamvuta na mkono.

Sikuona mwanzo wake. Nilisikia kitambaa kikichanika, halafu nikamsikia yeye. Wanawake wote pale mlangoni wakapiga kelele kwa pamoja, "Zima! Masunga, zima!" Ilikuwa kelele ambayo hata juu ya dizeli ile ilipenya; watu walitoka maduka ya upande wa pili wa barabara. Baba aliendelea kumimina. Kwa utulivu. Alitikisa ndoo ili punje za mwisho zidondoke.

Nikaita, "Baba!" Nikaita tena. Na hapa lazima niseme kweli yote, maana ndiyo inayonitoa nje ya ofisi hadi leo. Wazo lililonijia halikuwa kwamba hasikii. Niliwaza: hata sasa bado ananiadhibu. Niliwaza hivyo, nikasimama. Labda ni pumzi mbili, labda tatu. Kisha nikakimbia nikamvuta suruali kwa nguvu zangu zote.

Aligeuka. Akaona. Aliruka kwenye kizimio, na mashine ikatulia kwa mlio wa kukoroma, ikabaki sauti ya Mama Kulwa peke yake.

Mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na vidole viwili havikuokolewa. Walimpakia kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, wakampeleka hospitali Bariadi. Unga wake ulibaki sakafuni, mweupe sehemu moja na sehemu nyingine sio. Baba alisimama akiutazama, akisema na yeyote aliyekuwa karibu: "Mashine ina kelele. Mnajua kelele za mashine." Na watu wakasema ndiyo, mashine ina kelele, nani angesikia. Mayu Milembe mwenyewe alikuja akasema ni ajali ya Mungu.

Lakini tuliokuwa mlangoni tulijua jinsi kelele ile ilivyosikika.

Shuleni, Kulwa alinisubiri karibu na bomba. Hakulia. Aliniuliza, kama anayeuliza jibu la hesabu, "Baba yako ana ugomvi gani na mama yetu?"

"Hana ugomvi."

"Mbona alisikia akanyamaza?"

Nilikimbia. Nilikimbia hadi nyumbani katikati ya vipindi, nikakuta mama hayupo, nikatoka tena. Siku zile nilikuwa naingia na kutoka, naanza kufagia naacha, nachota maji nayamwaga njiani. Nilidhani nina baba mkatili, mtu anayeweza kusikia mwanamke akilia na asigeuke. Na nilimpenda. Vitu viwili hivi havikukaa pamoja ndani yangu. Kila mahali nilipoketi vilinisukuma niondoke.

Katika kuzunguka huko ndipo nilipomkuta. Ilikuwa alasiri, mashine imefungwa tangu ajali. Alikuwa ameketi nyuma ya kihenge cha mahindi, mgongo kwangu, peke yake, na mwanzi mpya mikononi. Simu ilikuwa ndani yake na wimbo ukilia kwa sauti ya juu, wimbo wa harusi. Baba alikuwa ameung'ata ule mwanzi. Ameushika kwa meno kama mbwa na mfupa, macho yamefumba, na machozi yakishuka hadi kwenye mwanzi. Mpaka leo sijui kama kwa njia ile alikuwa anausikia wimbo au anahisi mtetemo tu kwenye taya.

"Baba," nikasema.

Nikapiga makofi. Nikasogea mpaka ningeweza kumgusa shingo, nikasema neno ambalo hakuna mtoto wa kwetu angelisema akabaki na meno: "Wewe ni baba mbaya."

Hakugeuka. Bega lake halikushtuka hata kidogo. Nzi alikuwa anatembea kwenye kola ya shati lake.

Sijui wengine huelewa vipi mambo. Mimi nilielewa kwa tumbo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Redio iliyokuwa inapigwa kwa sauti ya juu hadi mama kulalamika. Bakuli la bati. Ule uso uliofunguka. Nilizunguka nikasimama mbele yake, naye akautoa mwanzi mdomoni haraka, akajifuta.

"Ilikuwa inasikika," nikasema.

"Nini?"

"Ule wa kwanza. Ulikuwa unasikika."

Alitazama midomo yangu. "Sema tena."

"Mianzi yote ilikuwa inasikika, baba! Nilidanganya!"

"Sema tena, Kabula."

Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka koo likauma, na mama aliyekuwa akirudi kutoka kisimani aliweka ndoo chini akaja anakimbia akidhani nimeumwa na nyoka. Kuungama kwa kunong'ona kunawezekana. Mimi niliungama kwa kupayuka, majirani wote wakisikia isipokuwa yule niliyemwambia, ambaye ilibidi ayasome maneno usoni pangu.

"Yote?" baba akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hata ule mwembamba?"

"Hata ule."

Alinyanyuka. Akaenda hadi zizini, akarudi, akaenda tena. Mama alimshika mkono, baba akauondoa. Nilingoja kipigo na nilikitaka. Akaenda kwenye mtungi, akanawa uso, akavaa viatu vyake vya kanisani bila soksi.

"Twende," akaniambia. "Utakuwa unanisemea."

Mama Kulwa alikuwa amerudi kutoka hospitali siku ile ile, amekalishwa kwenye kiti kivulini, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kwapa. Mayu Milembe alikuwa amekuja kumpa pole. Dada wa Mama Kulwa alikuwa anatwanga. Baba alisalimia, "Mwadila," wakaitikia, naye hakungoja kukaribishwa.

"Mimi sisikii," akasema. "Siku nyingi sasa. Siku ile sikuwasikia. Msiseme mashine. Ni mimi."

Hakujua amesema kwa sauti gani. Alisema kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mbugani. Mchi ukasimama. Ua wa pili mtu akazima redio. Mayu Milembe akajishika mdomo.

Mama Kulwa akasema kwa sauti ndogo, ya mtu mwenye maumivu, bila kuinua kichwa. Baba hakuipata. Akanitazama.

Nilikuwa nimeisikia vizuri. Alisema: "Mwulize kwa nini hakusema mapema, mpaka akala mkono wangu." Ningeweza kuilainisha. Ningeweza kusema, anauliza unaendeleaje. Nilikuwa hodari wa uongo kwa wakati huo, na huu ungekuwa wa huruma. Nilimsogelea baba usoni nikayasema yote, mpaka neno la mkono.

"Niliogopa," baba akasema. " Bila mashine ningekuwa nani?"

"Na mimi pamba yangu nitalima na mkono upi?" Mama Kulwa akasema.

Hilo nalo nililisema. Nililisema kwa kelele, mbele ya Kulwa na Doto waliokuwa mlangoni, na niliona likiingia.

Baba alimkabidhi Mayu Milembe ufunguo wa mashine hapo hapo. Yule mama aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, Masunga," kwa huzuni, kama anayeshukuru kwenye msiba. Hakuna aliyesema amesamehe. Hatukupewa maji ya kunywa.

Mvua zilipoanguka, baba na mama walianza na shamba la Mama Kulwa kabla ya letu. Mimi na pacha tulifuata nyuma tukidondosha mbegu, kwanza hatusemezani, baadaye tukibishana nani anadondosha nyingi mno. Mama Kulwa alikuja kila asubuhi, akasimama kwenye tuta la mwisho, mkono umening'inia kwenye kitambaa, akitukagua. Alikuwa akimtaka baba, ananiita mimi, nami nakimbia kati yao kutwa nzima kupeleka maneno. Hayakuwa maneno mazuri. "Mwambie mistari imepinda." "Mwambie kule ameruka."

Pamba ilipokuwa imefika magotini, tukiwa kwenye palizi, baba alitangulia akaacha nyasi nene nyuma yake bila kuziona. Nilimwona Mama Kulwa akizitazama. Nikaliweka jembe langu chini, tayari kukimbia. Lakini hakuniita. Aliinama, akaokota donge la udongo mweusi kwa mkono wa kushoto, akalipima uzito, akarusha. Lilimpiga baba katikati ya mgongo, likapasuka.

Baba aligeuka kwa mshtuko, jembe hewani. Mama Kulwa akanyoosha kidole kimoja kwenye zile nyasi. Baba akazitazama, akamtazama yeye, akajipapasa mgongo ulioloa matope, na kicheko kikamtoka, kile kikubwa kisichojua ukubwa wake. Mama Kulwa alijitahidi kununa. Alishindwa, alicheka mpaka akaushika ule mkono mbovu kwa maumivu, na bado akawa anacheka.

Mimi nilikuwa katikati yao, mdomo wazi, nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele. Nikaufunga.